Yule Samaki Hakutoka Kwa Mawimbi

Wasee, wacha nianze na ile kitu wengi mnanijulia. Ile video ya Agosti, mimi nimesimama ndani ya mashua pale Masinga, mawimbi yanapiga, koti inapepea, halafu picha inakatika kidogo na papo hapo niko na kambare wa kilo saba mkononi. Ilitazamwa zaidi ya mara laki mbili. Ilinilipia nyumba miezi miwili. Wiki jana niliitoa, na tangu siku hiyo mnaniuliza kwani nimeibiwa akaunti.

Sijaibiwa. Nimeitoa juu ni uongo. Mawimbi ni ya kweli, samaki ni wa kweli, lakini hao wawili hawajawahi kukutana.

Mimi ni mtu wa Nkubu, Meru. Nilikuja Embu kusoma, nikaacha mwaka wa pili, hiyo stori mnaijua (mathe bado anajua nusu yake, kwa hivyo tafadhali). Kwetu hatukukulia samaki. Guka alikuwa akisema samaki ni nyoka aliyejificha. Mwaka wa 2009 serikali ilipoleta ule mpango wa mabwawa ya kufugia samaki, 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo bunge 140, jirani yetu alichimbiwa moja, na sisi watoto tulienda kuangalia tilapia kama watu wamekuja kuona simba. Kwa hivyo sikufundishwa kuvua na babangu wala na mtu yeyote wa ukoo wetu. Nilifundishwa na simu.

Na simu haikunionyesha Masinga. Ilinionyesha Alaska na Norway. Kila usiku nikiwa na bando ya usiku, nilikuwa naangalia watu wakivua halibuti kwenye bahari chafu. Halibuti ni samaki bapa, fikiria gayogayo wa Pwani halafu umpanue hadi awe mkubwa kama meza ya hoteli. Wale wa Pasifiki wanaweza kupita kilo 200. Analala chini kabisa, macho yote mawili yako upande mmoja wa kichwa, yanaangalia juu. Hata juu kukiwa na mawimbi ya kutapisha watu, yeye huko chini hana haraka. Shida yote ni ya mvuvi: utafikishaje chambo chini na kikae chini, wakati mashua yako inapanda na kushuka kama lifti?

Hicho ndicho kilinishika. Niliwaza hivi: kambare naye ni mtu wa chini. Masinga kuna upepo. Nikihamisha mbinu za halibuti hadi Masinga, hakuna mtu Kenya hii ana kontenti kama hiyo. Na kusema ukweli, mbinu zenyewe ni za akili sana, siwezi kuzidharau hata leo.

Mashua ikipanda wimbi, inainua uzi, uzito unaachana na sakafu na chambo kinaning'inia katikati ya maji ambapo hakuna mtu anakula. Ikishuka, uzi unalegea, na hapo ndipo ndoana inajisokota kwenye uzi wake yenyewe. Utakaa saa nzima ukidhani unavua, kumbe chini kuna fundo. Wale wasee wa halibuti wanatumia uzito mkubwa, wakati mwingine karibu kilo nzima au zaidi, na uzi mwembamba wa kusuka, kwa sababu uzi mnene unasukumwa na maji mpaka unapinda kama upinde. Katikati ya uzito na ndoana wanaweka waya mgumu uliokunjwa pembe ili hivyo viwili visikaribiane. Halafu mkono ndio unafanya kazi ya springi. Mashua ikipanda unaachilia uzi kidogo, ikishuka unakusanya, na uzito unabaki ukigusa chini, tuk, tuk, tuk.

Ndoana nayo ni ya duara, ncha yake imekunjwa kuangalia ndani. Wavuvi wa halibuti wa Pasifiki walihamia ndoana hizi miaka ya 1980. Raha yake ni kwamba samaki akichukua chambo huhitaji kuvuta kwa nguvu kama unawasha jenereta. Ukivuta hivyo unaitoa mdomoni. Unakaza uzi polepole, yeye akigeuka kuondoka, ndoana inateleza na kushika pembe ya mdomo yenyewe. Kwenye mashua inayorushwa hii ni muhimu, kwa sababu huwezi kujua ni samaki amevuta ama ni wimbi.

Mimi sikuwa na doh ya vitu vya Norway. Uzito wangu ulikuwa plagi nne mbovu za nduthi, nimepewa bure na fundi wa Kiritiri, nimezifunga pamoja. Waya wa pembe niliukunja kutoka kwa hanga ya nguo. Ndoana na uzi nilipata kwa duka moja la vifaa vya michezo, na hapo ndipo shida ilianzia. Mwenye duka aliniambia atanilipa elfu nane nikimfanyia video, ila na masharti mawili. Iwe imetoka Ijumaa. Na iwe na mawimbi.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Rent ilikuwa imepita siku kumi na moja.

Kama hujawahi kufika Masinga, ni hivi. Tana ina mabwawa matano ya umeme yamefuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La Kindaruma ni la 1968. Masinga ni la 1981, liko juu ya yote na ndilo kubwa zaidi. Likijaa, maji yanafunika karibu kilomita mraba 120. Watu wa Embu mnaosema "ni dam tu," nendeni muone kama mtaona ng'ambo vizuri kukiwa na vumbi. Asubuhi maji yamelala kama kioo. Mchana wa Agosti upepo unaamka, unasafiri juu ya hayo maji yote bila kizuizi, na unapofika upande wako tayari umekuwa na mawimbi mafupi yaliyosongamana. Mawimbi ya bahari yana nafasi katikati, mashua inapanda na kushuka kwa mpango. Ya bwawa hayana adabu. Hujamaliza moja, lingine limeingia.

Nilifikia kwa mzee mmoja upande wa Makima. Wavuvi kadhaa wa pale walitoka zamani upande wa Ziwa Victoria, na yeye ni wa Homa Bay, kwa hivyo kila mtu anamwita Jaduong', hata Wambeere na Wakamba. Yeye ananiita wuoda, mwanangu. Nilimwonyesha video za halibuti kwa simu. Aliangalia moja yote, ya dakika kumi na mbili, miwani imeshuka puani. Halafu akauliza swali moja.

"Na huyo anayeendesha mashua, yuko wapi?"

Sikuwa nimewahi kufikiria. Rudieni video hizo muone. Kuna msee anavuta samaki, anapiga kelele, anacheka. Lakini nyuma ya kamera kuna mtu mwingine kwenye usukani, injini inanguruma, na kazi yake yote ni kuhakikisha pua ya mashua inaangalia mawimbi. Hashiki ndoana. Haongei. Huyo ndiye anavua, Jaduong' alisema, huyo mwingine anachukua tu samaki.

Alhamisi nikamwomba anipeleke saa tisa mchana. Alikataa. Hakunipa hotuba, alisema tu, "Saa tisa ni ya upepo, wuoda. Njoo saa kumi na moja asubuhi." Nikamwambia asubuhi hakuna mawimbi. Akaniangalia kama mtu ameongea Kichina.

Nikatafuta kijana wa rika langu aliyekuwa na mashua ya mbao na makasia mawili. Nilimpa elfu moja na mia tano. Alikubali haraka sana, na nilijua kwa nini alikubali haraka, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimekubali ya duka haraka hivyo hivyo. Laifu jaketi hatukuwa nayo. Yeye hajui kuogelea. Nilijua hiyo kabla tutoke, aliniambia mwenyewe akicheka.

Dakika ishirini za kwanza zilikuwa noma kwa njia nzuri. Picha zote mlizoona ni za hapo. Mkono mmoja simu, mwingine uzi, plagi zinagusa chini, tuk, tuk. Halafu nikaona nikishika simu kwa mikono miwili picha zitatulia zaidi. Nikafunga uzi kwa ubao wa kukalia.

Masinga ni bonde lililofurika. Huko chini kuna mawe na visiki vya wakati palikuwa nchi kavu. Wavuvi wenye akili wanafunga uzito kwa kipande cha uzi dhaifu kuliko uzi mkuu, ili ukikwama, kinakatika hicho, unapoteza jiwe tu na unaendelea na maisha. Hata kwa halibuti wanafanya hivyo kwenye miamba. Nilikuwa nimeiona kwa video tatu tofauti. Sikuifanya kwa sababu haionekani kwa kamera.

Plagi zikakwama. Uzi wa kusuka haukatiki. Na kwa sababu ulikuwa umefungwa katikati ya mashua, ukawa nanga ya ubavuni. Mashua ikageuka, ikapea mawimbi ubavu. La kwanza liliingia hadi kwenye vifundo vya miguu. La pili nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama. Nafikiri nilitaka kuipiga picha.

"Kaa chini! Kaa chini, wewe!"

Hatukuwa na kisu. Rudia hiyo kwa kichwa chako: watu wawili, mashua moja, ndoana sita, hakuna kisu. Yule kijana aliacha makasia, akalala kifudifudi, akauma fundo kwa meno. Mimi nilikuwa nakumba maji kwa mtungi uliokatwa, nikitoa lita moja wimbi linaleta tano. Sijui ilichukua muda gani. Simu ilikuwa imeanguka ndani ya maji ya mashua na ilikuwa bado inarekodi, kwa hivyo ningeweza kuangalia nijue, lakini hicho kipande sijawahi kukifungua. Fundo lilipoachia, alikuwa anatema damu ya ufizi.

Kilichofuata ndicho kingefaa kuwa video. Alimwaga chambo chote, akafunga ile ndoo ya chambo kwa kamba pale mbele ya mashua, akaitupa majini. Ndoo ikajaa, ikaanza kuburuta kama breki, na pua ya mashua ikazunguka yenyewe kuangalia upepo. Maji yakaacha kuingia kwa ndoo, yakawa ya kunyunyiza tu. Wavuvi wa bahari kubwa wana kitu kama hicho cha turubai, umbo la parachuti. Yeye hajawahi kukiona. Alijifunza kwa ndoo. Tukakaa sakafuni, tukasukumwa kinyumenyume hadi ukingo mwingine kabisa, saa ambayo viboko wanaanza kutoka kula nyasi. Tulitembea karibu saa mbili kurudi, kila mtu na mawazo yake.

Jaduong' alikuwa ukingoni na tochi. Hakunipigia kelele. Aliuliza, "Mlikuwa mnafukuzwa na nani?"

Asubuhi yake, saa kumi na moja na nusu, aliniamsha. Ijumaa. Nilidhani tunaenda kwa mashua, kumbe tunatembea. Tulienda hadi ule ukingo ambao upepo ulikuwa umeupiga tangu jana. Maji ya pale yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Akanieleza, na hii ndiyo mbinu ya maji machafu ambayo ningewapea siku ya kwanza kama ningekuwa na akili: upepo hausukumi maji peke yake, unasukuma na chakula. Wadudu, majani, vijisamaki vilivyochoka, vyote vinarundikana upande unaopigwa, na mawimbi yanakoroga matope na kufukua minyoo. Kambare haogopi matope, ana sharubu za kunusia. Kwa hivyo baada ya upepo mkubwa samaki anakufuata wewe hadi karibu na ukingo. Huna haja ya kumfuata katikati.

Alitumia uzi wangu na ndoana yangu ya duara, hiyo aliipenda, aliigeuzageuza kidoleni akasema aliyeitengeneza alikuwa mvivu mwenye akili. Uzito akaweka mmoja, plagi moja, umefungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Chambo kilikuwa kipande cha sabuni ya kipande. Ndiyo, sabuni. Wavuvi wengi wa kambare upande wa Ziwa Victoria wanaitumia, na sharubu zile zinaifuata. Akarusha mita kumi na tano tu. Halafu tukakaa juu ya jiwe, mbali na maji, kwa sababu Masinga kuna mamba na maji ya rangi ya chai hayakuonyeshi nani anakuja. Hakuna kuingia hadi magotini ndio picha iwe poa.

Kabla ya saa moja uzi ulianza kutembea. Nikataka kuvuta. Akashika mkono wangu. Uzi ukakaza polepole, ukakaza, halafu ukaanza kwenda wenyewe. Kilo saba, tulimpima kwa mizani ya BMU.

Hakukuwa na wimbi hata moja.

Nikarudi Embu na mat ya saa nne, nikakausha simu kwa mchele, nikahariri usiku wote. Mawimbi ya Alhamisi, samaki wa Ijumaa. Nilikata mahali nguo zinatofautiana. Saa tano na dakika arobaini usiku ikatoka. Elfu nane ikaingia.

Hilo swali la nani alikuwa ananifukuza lilinikaa. Miezi kadhaa baadaye, nikitafuta stori nyingine ya halibuti, nikasoma kitu. Zamani kule Alaska msimu wa halibuti ulikuwa umebanwa sana, kufikia mapema miaka ya 1990 sehemu nyingi walikuwa wanafunguliwa saa 24, mara mbili tatu kwa mwaka. Saa 24! Kila mwenye mashua alitoka kwa hiyo siku, iwe shwari iwe dhoruba, kwa sababu ukikosa leo, umekosa mwaka. Wakavua bila kulala, wakajaza mashua kupita kiasi, mashua zikazama, watu wakafa. Mwaka wa 1995 wakabadilisha, kila mvuvi akapewa fungu lake la kilo na karibu miezi minane ya kulivua. Sasa mtu akiona bahari imechafuka, anaweza kunywa kahawa yake na kungoja kesho. Kwa hivyo hao wasee wa video zangu za usiku, wale ninaowaita majasiri, wana ruhusa ya kukaa nyumbani. Wanatoka kwa mawimbi wanayoyachagua, wakiwa na injini, redio na nguo za kuelea.

Mimi nilikuwa na saa 24 zangu. Yule kijana alikuwa na zake, za elfu moja na mia tano. Mnaosema vijana wa mabwawa wanapenda hatari, muwaulize kwanza wanadaiwa na nani.

Lakini si hiyo ilinifanya nitoe video. Wiki mbili zilizopita kijana wa Runyenjes aliniandikia. Yuko fom tatu. Aliandika kwa heshima sana, "bro shikamoo." Anasema yeye na wenzake watano wanaenda Kiambere Jumamosi, wamekodisha mashua, wamenunua ndoana za duara kama zangu, na anataka kujua upepo unakuwa mkali saa ngapi, ndio wafike wakati huo.

Nilisoma nikiwa ndani ya matatu hapo Manyatta. Nikashuka kabla ya stejini kwangu.

Nilimpigia, hakushika. Nikamwandikia kila kitu: ndoo, kisu, fundo, damu ya ufizi, sabuni, ukingo wa maji ya chai, saa kumi na moja asubuhi, laifu jaketi sita ama msiende. Nikamwambia samaki hakutoka kwa mawimbi. Tiki mbili za bluu. Hakujibu. Nikatoa video usiku huo. Mwenye duka akanipigia asubuhi akitaka elfu nane yake, na ninamlipa pole pole, tumeelewana elfu mbili kila mwezi. Yule kijana wa makasia nilimnunulia laifu jaketi ya mtumba Gikomba, anasema inamfanya aonekane kama mtu wa ujenzi, lakini anaivaa.

Jumamosi nzima sikuweka simu chini. Jumapili saa nane mchana yule wa Runyenjes akajibu.

"Hatukuenda bro. Gari ilikosa mafuta. Tumesema tuende wiki ijayo asubuhi. Sabuni ni ya rangi gani?"